TUONGEZE SIMBILISI, TENA WALALE NDANI



Kwa muda sasa liko neno kati yetu, na kwa kuwa lasemwa pembeni tu, vibarazani na njiani tutokapo kazini, twaona vema lisemwe katika ukurasa huu, ambapo kila mtu aweza kulisoma na kulijibu. Neno lenyewe ni la simbilisi. Baadhi yetu tulio hapa Dodoma twafuga wanyama hawa, nasi twataka kuongeza idadi yao na kuwalaza ndani ya nyumba. Wako wenzetu watuchekao kwa jambo hilo. Wako na wengine watuungao mkono, lakini kwa kelele kuliko kwa akili. Makundi haya yote mawili yamekosea, nasi leo twataka kuyajibu yote mawili.

Twasema hivi: mtumishi mwenye mshahara mdogo na watoto wengi hafanyi aibu akiongeza simbilisi, na katika nchi hii ya juu, yenye upepo na ukame, mahali pao ni ndani. Lakini mtu asiyeweza kumpa kila mnyama nafasi, ukavu na majani mabichi mwaka mzima, huyo asiongeze hata mmoja.

Kwa ajili ya wasiomjua, simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye miguu mifupi, na akiona majani hulia kwa sauti kama ya mluzi. Asichanganywe na pimbi tumwonaye juu ya majabali ya vilima vyetu. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Na hao Wahispania ndio waliompeleka Ulaya katika karne ya 16. Katika nchi yetu wafugaji wake wako wengi upande wa Iringa na Njombe, na mara nyingi ni mali ya akina mama na watoto. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, nako hufugwa na watu wengi. Vita vilivyoanza kule mwaka 1996 viliwapokonya watu ng'ombe na mbuzi wao. Lakini simbilisi hutiwa kikapuni akakimbizwa, wala mnyang'anyi haoni faida ya kumswaga njiani. Maskini aliyebaki na simbilisi watatu hakubaki mikono mitupu.

Sasa na tuwajibu wachekao. Hao husema: "Mtu aliyesoma, ashikaye kalamu ya Serikali, atafugaje panya ndani ya nyumba yake?" Na wengine huongeza kwamba mgeni akiingia akasikia milio ile, heshima ya ofisi nzima yashuka.

Ndugu, simbilisi si panya wa darini. Panya wa darini huiba chakula cha watu usiku. Simbilisi hungoja aletewe majani. Mwenye kumwita panya kwa kuwa ni mdogo na ana meno marefu, na amwite mbuzi fisi kwa kuwa wote wana miguu minne. Kwa habari ya kumla, watu wa Peru humfanya kitoweo cha sikukuu. Katika kanisa kuu la mji wa Cusco iko picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18, na mezani mbele ya Yesu pamewekwa sahani ya mnyama aliyeokwa, ambaye watu wengi husema ni simbilisi. Hatusemi kwamba picha ni amri. Kila mtu na afuate mafundisho ya dini yake. Naye ambaye dini yake au tumbo lake lamkataza, asile, bali auze kwa alaye. Lakini asiseme kwamba ni chakula cha watu wasiostaarabika, maana hapo atakuwa amesema asilolijua.

Tena wale wapendao kutaja elimu, na wakumbuke kwamba elimu yenyewe ina deni kwa mnyama huyu. Mwaka 1882, Robert Koch wa Ujerumani alipothibitisha kijidudu kiletacho kifua kikuu, simbilisi walikuwa katika wanyama aliowatumia. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe waliwalisha simbilisi nafaka kavu tupu, wakawaona wakishikwa na kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wengi safarini. Kwa njia hiyo watu walisogezwa karibu na kuijua vitamini C. Basi mnyama aliyewafundisha mabingwa hawezi kumvunjia karani heshima.

Na tuseme wazi heshima ya karani huvunjwa na nini. Huvunjwa na deni la dukani. Huvunjwa pale mtoto anapotumwa na daftari la mkopo tarehe 20 ya mwezi, na mwenye duka anapomrudisha mbele ya watu. Tangu mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali huko Tanga, watumishi wa nchi hii wamekuwa na mahali pa kusemea mambo ya kazi yao. Ni haki yetu kusema, nasi tusiache. Lakini barua ya madai haipikwi jioni watoto wakala. Mshahara haujazaa mshahara hata siku moja. Simbilisi jike huzaa mara nne au tano kwa mwaka. Afugaye simbilisi wake kwa siri kwa kuogopa macho ya jirani, huku akikopa nyama waziwazi, amepotoshwa na majivuno, nasi twamwonea huruma.

Hilo latosha kwa wachekao. Sasa liko swali la pili, nalo ni la haki zaidi: kwa nini ndani? Kwa nini wasijengewe banda uani pamoja na kuku?

Jibu ni nchi yenyewe. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai upepo huvuma usiku kucha, na baridi hushuka mpaka mtu atafute blanketi la pili. Kisha huja Oktoba na Novemba, jua likachoma kabla ya mvua, na mchana joto hupita digrii 30. Simbilisi hawezi yote mawili. Upepo wa baridi na sakafu ya unyevu humletea homa ya mapafu, naye akishikwa nayo haponi kwa urahisi. Joto lipitalo digrii 30 humlegeza, na likizidi humwua kwa saa chache, maana hana njia ya kutoka jasho kama sisi. Tena uani wako paka, mbwa, nguchiro, nyoka na mwewe. Hana pembe wala kwato, wala hajui kupanda mti. Silaha yake ni kujificha tu, nasi tumemfungia mahali pasipo pa kujificha.

Wala kulala na mfugo ndani si desturi ngeni katika nchi hii. Watazameni wenyeji wetu Wagogo na tembe zao: nyumba ndefu, ya chini, kuta za miti na udongo, na dari ya udongo juu yake, ikizunguka ua wa ng'ombe. Ndama na wana-mbuzi walilala chini ya dari ile ile waliyolala watu. Hawakufanya hivyo kwa kukosa ustaarabu. Walikuwa wamepima baridi ya usiku na njaa ya fisi, wakaona kwamba kiumbe kichanga hulindwa na ukuta. Na tembe ile, kwa udongo wake mzito, hukaa baridi mchana na vuguvugu usiku. Sisi tulioingia nyumba za matofali na bati tumepata madirisha makubwa, lakini katika jambo hili moja tembe yatushinda.

Kwa hiyo tusemapo "ndani", hatusemi ndani popote. Chumba chenye bati lisilo na dari mwezi wa Oktoba ni tanuri. Simbilisi aliyewekwa humo afadhali angebaki uani chini ya mti. Jikoni nako hapafai, ingawa ndiko wawekwako na wengi. Moshi huharibu mapafu yao kama uharibuvyo macho yetu, chungu cha maji ya moto kikimwagika huua watoto wao, na mkojo wao hauna haki ya kuwa karibu na unga wa watu. Mahali pema ni chumba cha stoo chenye dari na dirisha, au pembe ya baraza iliyozibwa upande wa upepo, ambapo jua la mchana halipigi moja kwa moja.

Kizimba chao si kazi ya fundi mkubwa. Wafugaji wa Peru hutumia kizimba cha mita 1 kwa mita 1 na nusu kwa majike 7 hata 10 na dume mmoja, na ukuta wa nusu mita hutosha kwa kuwa simbilisi hawaruki sana. Matofali ya udongo yafaa, na mbao zafaa. Juu pafunikwe kwa wavu, maana paka huingia hata nyumba ya mtumishi wa Serikali. Chini patandikwe nyasi kavu, zikabadilishwe kila juma, na mapema zaidi zikilowa. Ndani pawekwe kisanduku au chungu kilichovunjika mdomo, wapate pa kujificha. Wasichanganywe na kuku wala sungura, kwa kuwa hao huweza kuwaambukiza magonjwa ambayo wao wenyewe hawaonyeshi.

Wenzetu waogopao harufu na maradhi wana neno, nasi hatulidharau. Harufu si ya mnyama bali ni ya mvivu. Kizimba kikifagiliwa hakinuki kuliko viatu vya safari. Mapunye huweza kutoka kwa simbilisi kwenda kwa mtoto, basi mtoto anawe kwa sabuni kila amshikapo, na mnyama mwenye mabaka ya ngozi atengwe. Lakini hatari iliyo kubwa ni panya wa kweli, wale wafuatao chakula kilichomwagika, na viroboto wao. Wilaya ya Lushoto ilipata tauni tangu mwaka 1980 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 20, na watu mamia walikufa. Pumba na mabaki yahifadhiwe katika debe lenye kifuniko, matundu ya ukuta yazibwe, na majani yaliyosalia yatolewe kila jioni. Asiyekubali kazi hii asilete mnyama ndani.

Hapa twawageukia rafiki zetu wa kundi la pili, wale ambao wakisikia simbilisi huzaa upesi, mara wamekwenda kununua kumi. Ndugu hawa twawaogopa kuliko wachekao, maana mchekaji hadhuru mnyama.

Na wafanye hesabu nasi. Tuseme mtu ameanza mwezi wa Januari, nyasi zikiwa tele, na dume mmoja na majike wawili. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hata 72. Katikati ya Machi kila jike akizaa watatu, wamekuwa 9. Saa chache baada ya kuzaa, jike huweza kupata mimba tena siku ile ile, kama dume yumo. Mwisho wa Mei wamezaa tena, wamekuwa 15. Na katika wale wa Machi, majike wasiotengwa huweza kushika mimba wakiwa na umri wa majuma manne hata sita. Hao nao watazaa Juni na Julai. Sasa itazameni kalenda ya Dodoma. Mvua yetu huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili. Maana yake ni kwamba kundi hufikia wingi wake pale pale nyasi zinapokauka. Mtu alihesabu vichwa akasahau kuhesabu majani.

Nalo jani bichi si anasa kwa simbilisi. Ni yeye na binadamu na wanyama wachache wengine wasioweza kujitengenezea vitamini C mwilini. Mbuzi aweza, kuku aweza, simbilisi hawezi. Akipewa nyasi kavu na pumba tupu, tumbo litajaa, lakini baada ya majuma mawili au matatu manyoya husimama, viungo huvimba, hutembea akichechemea, fizi hutoka damu. Mwenyewe husema, "Wamepatwa na ugonjwa wa ajabu." Si wa ajabu. Ni kiseyeye kile cha mwaka 1907, na dawa yake ni matembele.

Nchi hii imekwisha kufundishwa somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matingatinga kulima karanga. Walikusudia kulima ekari milioni 3 na zaidi. Hawakungoja kwanza kuijua mvua ya Ugogo wala udongo wake, ambao jua likiupiga huwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Makosa hayakuwa katika karanga, maana karanga ni zao jema, na wenyeji walilima vishamba vyake. Makosa yalikuwa katika kuongeza kabla ya kupima. Nasi tukicheka Kongwa ile, tusiijenge Kongwa ndogo katika stoo zetu.

Basi mtu atakaye kuongeza afanye haya kwanza. Awe na tuta la matembele limwagiliwalo kwa maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tuta hilo liwe limestawi kabla ya mnyama kufika. Afanye urafiki na wauza mboga wa soko la Majengo, ambao kila jioni hutupa majani ya nje ya kabichi. Ayaoshe, kisha alishe. Asilishe majani ya nyanya wala ya viazi mviringo, maana yana sumu. Wageni awatenge majuma mawili au matatu, wasije wakaleta ugonjwa kwa wenyeji. Watoto madume awaondoe kwa mama yao wakiwa na majuma matatu. Madume wawili asiwaweke na majike pamoja, kwa kuwa watapigana mpaka mmoja aumie. Jike atakayezalishwa asingojewe mpaka apite miezi sita au saba pasipo kuzaa, maana mifupa ya nyonga hukazana, na uzazi wa kwanza huweza kumwua. Na kila mwaka abadilishane dume na mwenzake, ili kundi lisizaane kaka na dada mpaka likadhoofika.

Liko jambo la mwisho, nalo twajua halitawapendeza wengi. Nani huwalisha simbilisi hawa? Sisi twaondoka asubuhi na mapema, twarudi jua limekwisha kuinama. Tukisema "simbilisi wetu", anayekata majani ni mke, anayefagia kizimba ni mtoto atokapo shule. Lakini siku ya kuuza, fedha huingia mfuko wa bwana, na bwana huwaeleza wenzake jinsi alivyo mfugaji hodari. Ndugu, huo si uhodari. Huko Iringa simbilisi wamekuwa fedha ndogo ya mama na daftari la mtoto, pasipo kumwomba mtu. Sisi tuliosoma tukiingia katika ufugaji huu ili kuwanyang'anya hata hicho, basi wachekao wana haki ya kutucheka, ingawa kwa sababu nyingine. Twasema: fedha ya simbilisi iwe ya yule awalishaye. Atakaye fedha hiyo, na achukue ufagio.

Kwa hiyo twatoa shauri mbele ya wanachama wote. Wafugaji walio katika chama waandikwe daftarini, wapate kubadilishana madume bila malipo. Mwanachama atakaye kuanza apewe majike wawili na dume mmoja kutoka kwa wenzake, lakini asipewe mpaka wanachama wawili wamekwenda nyumbani kwake kutazama kizimba na tuta la majani. Mwanachama atakaye kuongeza atazamwe vivyo hivyo mwezi wa Agosti, wakati wa ukavu, si mwezi wa Februari ambapo kila mtu ni tajiri wa nyasi. Na ambaye wanyama wake wataonekana wamekonda, awagawe kwa wenzake pasipo kinyongo.

Tumesema yaliyo moyoni mwetu. Mwenye kupinga na ajibu kwa hoja katika ukurasa huu, wala asijibu kwa kicheko njiani. Lakini kabla hajaandika, twamwomba aingie nyumbani kwake jioni ya tarehe 20, atazame kilichomo chunguni, kisha ndipo ashike kalamu.

Ni sisi makarani wenzenu,
Dodoma.